Upinde Uliokonda

Kwanza, wanangu, ifungueni hiyo kamba ya kuanikia nguo. Nimeiona tangu mlipobisha hodi, nikajizuia kwa adabu tu. Kamba ya nguo ukiivuta inarefuka, ukiiachia inakaa kwanza ikafikiri, na mshale wako unangoja pale kama mgeni aliyesahauliwa barazani. Halafu mnakuja kwangu mkisema upinde ni mbovu. Upinde hata haujaulizwa!

Mimi ni Mejumaa, wa hapa hapa Timbwani. Kwa miaka thelathini na ushei kazi yangu ilikuwa kusokota kamba za pinde, zile ambazo sisi twaziita ugwe. Mume wangu Hamisi alichonga mti, mimi nikasokota ugwe. Wateja hawakukosekana. Walikuja walinzi wa maghala ya Changamwe, walikuja wakulima wa Kwale waliochoshwa na nyani, na vilikuja vikundi vya ngoma vinavyocheza kwenye hoteli za Shanzu. Nimestaafu kwa sababu vidole vimegoma. Mdomo haujagoma, kwa hivyo kaeni.

Ugwe wangu wa kwanza niliufanya kwa kano za ng'ombe, kama nilivyoonyeshwa na babu yangu. Nilizikausha, nikazipondaponda, nikazichambua nyuzi moja moja, nikazisokota siku mbili. Nikautundika uani upigwe na upepo. Paka wa jirani yangu Mwanamisi akaja akaula wote, kuanzia kitanzi mpaka fundo. Hamisi alikuwa na mteja anangoja barazani. Akamwambia, bila kucheka, "Ndugu yangu, ugwe wako uko tayari, ila umo ndani ya paka." Mteja akauliza utatoka lini. Wallahi aliuliza.

Kano ni nzuri huko bara kukavu. Hapa kwetu hewa ya bahari inazilegeza, na paka wanazipenda. Ndipo nikajifunza nyuzi za tairi. Nilikuwa nakwenda Miritini kwenye vituo vya malori, nachukua tairi iliyopasuka, naichana nachomoa nyuzi za ndani. Madereva walinizoea. Walikuwa wakiniona wanaitana, "Daktari wa matairi amekuja kupasua maiti!" Uzi wa tairi haurefuki hovyo, na hakuna paka anayeutaka.

Sasa shikeni. Chukua nyuzi kumi na mbili, zigawe mafungu mawili, sita na sita. Fungu moja lisokote kwenda nje, mbali nawe, kisha livushe juu ya mwenzake lije kwako. Halafu la pili vivyo hivyo. Kila fungu litataka kujifungua, na mwenzake atalizuia, na huo ugomvi wao ndio unaoshika ugwe. Paka nta ya nyuki, sugua mpaka vidole vipate moto. Upande mmoja tengeneza kitanzi, upande wa pili funga fundo tu, ili uweze kuufupisha. Ukishaufunga kwenye upinde, weka ngumi yako kwenye mshikio na usimamishe dole gumba. Ncha ya dole ikigusa ugwe, umepata kipimo. Na usiuvute ukauachia mtupu bila mshale. Nguvu zile zikikosa mshale wa kwenda nao zinarudi kwenye mti, na mti unapasuka usoni mwako. Mtoto wa Mwanamisi ana alama mpaka leo, na ameoa nayo.

Hayo ni ya ugwe. Mliloniuliza la pili ndilo gumu: kuufanya mti upinde sawasawa pande zote mbili. Upinde una mikono miwili, wa juu na wa chini, na haijawahi kutokea ikazaliwa inapatana. Mmoja huwa mkaidi, mwingine mlegevu. Hamisi aliiita kazi hii kupatanisha. Na alipatanishia wapi? Mlangoni mwa jikoni kwangu!

Alipigilia misumari miwili mikubwa kwenye kizingiti cha juu. Upinde aliulaza pale, mshikio juu ya misumari, mikono ikitokeza huku na huku. Alifunga ugwe mrefu wa majaribio, ule unaoning'inia, na kwenye ugwe akatundika dumu la maji. Maji yakiongezwa, dumu linashuka, mikono inapinda, naye anasimama uani anaitazama na kuchora kwa mkaa ukutani kila mkono ulipofika. Ukutani kwangu kulikuwa na mikaa mingi kuliko jikoni.

"Hamisi, hapa ni jikoni."

"Hapa ndipo penye mlango ulionyooka. Milango mingine yote fundi wa nyumba hii aliipachika amelewa."

Basi miaka thelathini niliinama. Nimeinama na sufuria ya wali, nimeinama na mimba tatu, nimeinama na kilemba cha harusi ya binti yangu. Ukiniona leo natembea nimepinda kidogo, usiseme uzee.

Kazi yenyewe ni hii. Mkono unaokataa kupinda ndio unaokwanguliwa. Ule unaopinda sana usiuguse hata kwa kucha. Anza na dumu tupu, ongeza maji kidogo kidogo. Kwangua mara kumi, vuta mara thelathini, kisha simama mbali utazame. Mti unachelewa kuelewa. Ukiona haujabadilika ukaongeza kukwangua kwa hasira, kesho utaukuta umelegea na hakuna gundi ya kurudishia maranda. Hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Sisi tulilifanya baada ya miaka thelathini, tena wawili kwa pamoja.

Lazima niwaambie kwanza habari ya mwiko. Siku niliyoletwa kwa Hamisi, mama mkwe alinivuta kando. "Mwanangu, ugwe shika utakavyo. Mti usiuguse. Upinde ukiguswa na mwanamke unakuwa mvivu."

"Na ugwe ukishafungwa kwenye mti, mama?"

"Usiniletee maswali ya shule."

Kwa hivyo kila nilipojaribisha ugwe, niliushika mti kwa leso iliyokunjwa mara mbili, kama mtu anayeepua chungu. Watu walinicheka, nami nikaendelea. Mambo mengine mtu huyaamini nusu, na nusu hiyo inatosha.

Mambo yaliharibika pale macho ya Hamisi yalipoingia ukungu. Hakuniambia. Mume wangu atakupa habari za goti lake na tumbo lake mpaka usinzie, lakini macho kimya. Nilijua siku nilipomkuta uani akiitikia, "Marahaba, marahaba," mbele ya leso yangu iliyoanikwa. Upepo ulikuwa umeiinamisha, akadhani ni mtoto wa jirani anamwamkia. Alipoona mtoto hasogei akaniambia, "Watoto wa siku hizi ukiwaitikia wanabaki wamesimama tu."

Na pinde zake zikaanza kwenda upande. Mlinzi mmoja wa Changamwe aliurudisha wake akasema kila akiuvuta unageuka kumtazama yeye. Hamisi akamlaumu mlinzi kwamba ana sura ya kutazamwa.

Hapo ndipo alipokuja Katana, kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Kisauni. Kijana mzuri, mpole, anavua kofia hata akiongea na simu. "Mzee wangu, shikamoo. Nataka pinde kumi na mbili za kweli, za kuvutika. Nitengenezee mmoja wa mfano, tukiupenda utatufanyia zote. Nitakuja baada ya siku tisa." Halafu akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba kuna fundi Miritini anatengeneza pinde kwa mabomba ya maji, na yuko tayari.

Mabomba ya maji! Hamisi hakula mchana ule.

Nami niliogopa, sitawaficha. Nilimjua mtu wangu. Kazi hii ikimtoka mkononi angekaa barazani akisikiliza magari yanayoteremka feri mpaka afe. Na akichoka baraza angehamia jikoni kunifundisha kupika. Nilimwonea huruma, na nilijionea huruma na mimi.

Akachagua mti mzuri wa mkone, akauchonga kwa kupapasa, akautundika mlangoni. Nikautazama kutoka uani. Lahaula! Mkono wa chini unapinda vizuri, wa juu umekakamaa kama askari wa lango. Naye amekaa pale anautazama kwa macho yake ya ukungu, anasema, "Mashaallah, umekaa sawa."

Ningemwambia nini? Kwamba haoni? Nikangoja aende msikitini kwa adhuhuri. Nikachukua kipande cha chupa, nikaushika mti kwa leso, nikakwangua mkono wa juu taratibu mpaka ukalingana na mwenzake. Maranda nikayafunga kwenye pindo la leso nikayatia jikoni motoni. Nikaomba radhi kwa marehemu mama mkwe. Alasiri nikaenda zangu feri kununua samaki, moyo mweupe.

Kesho yake nautazama: mkono wa juu mkaidi tena, wa chini umelegea. Nikashangaa. Nikadhani niliona vibaya jana. Adhuhuri nikakwangua tena juu. Siku ya tatu, yale yale. Kumbe nikienda feri, Hamisi anapapasa, anahisi mkono wa juu umekuwa mwembamba, anaona ni haki na wa chini upunguzwe. Mimi nakwangua juu mchana, yeye anakwangua chini alasiri, na kila mmoja anaficha maranda yake.

Dumu ndilo lililotusema. Siku ya kwanza lilitakiwa dumu zima la lita ishirini kuufikisha upinde kwenye alama ya mkaa. Siku ya nne likatosha nusu. Siku ya sita akatundika birika. Siku ya saba niliegemeza mwiko wa ugali kwenye ugwe nikitafuta chumvi, upinde ukajipinda wenyewe mpaka mwisho, kwa heshima zote.

"Mti huu una jini," Hamisi akasema. Akamwita Mwalimu Salimu wa madrasa aje ausomee.

Mwalimu alikuja na chetezo. Akakaa mbele ya mlango wangu, akausomea upinde robo saa nzima, nami nimesimama nyuma yake na maranda ya siku ile pindoni. Kila akivuta pumzi nilihisi atageuka aninyooshee kidole. Alipomaliza akaugusa ugwe kwa kidole kimoja, ukalia kama mbu mgonjwa. Akautazama sana.

"Bwana Hamisi, huyu hana jini. Huyu amekonda."

"Amekonda?"

"Amekonda. Mnamlisha nini?"

Basi mume wangu, fundi wa miaka thelathini, akachukua samli yangu ya pilau akaupaka upinde mzima, anenepe. Baada ya saa moja paka mpya wa Mwanamisi alikuwa juu ya kizingiti anaulamba kutoka ncha hadi ncha, na sisimizi wamejipanga ukutani wakifuata alama za mkaa. Sikucheka. Nilikuwa najiambia kwamba mama mkwe alisema kweli, nimeugusa, ingawa kwa leso, na umekuwa mvivu, na nimemmaliza mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Nililia jikoni, nikasingizia vitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunapika chai.

Siku ya tisa Katana akaja na mchezaji wake mmoja. Hamisi amevaa kanzu. Akautoa upinde, akaufunga ugwe, akauinua. Wanangu, sijaona upinde uliopinda sawa kama ule. Mikono yote miwili ilikuwa pacha. Katana akasema, "Lo! Mzuri!" Akaweka mshale, akajikaza miguu, akavuta. Alivuta kwa nguvu za kuvuta upinde wa kweli, maskini, akapiga sikio lake kwa ngumi. Mshale ukatoka, ukaenda hatua tatu, ukalala mbele ya jogoo. Jogoo akaudonoa, akauona hauliki, akaenda zake.

Yule mchezaji alitazama juu. Katana akavua kofia.

"Mzee wangu," akasema polepole, "nakuheshimu sana. Lakini huu... nadhani nitazungumza na yule wa Miritini."

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Hamisi akaniwahi.

"Kaa chini, Katana. Upinde huu una mafundi wawili. Mkono wa chini nimeuharibu mimi. Wa juu ameuharibu mke wangu."

"Wajuaje?"

"Mimi nakwangua kwa kisu, kinaacha mistari. Huku juu kuna ulaini wa chupa. Macho yamekwenda, Mejumaa, vidole bado viko."

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Na Mwalimu Salimu ulimwitia nini, mtu wa watu, kuja kusomea ubao?"

"Nilitaka uogope useme."

"Na samli yangu?"

"Hapo kwenye samli nilikuwa nimeshaanza kuamini."

"Na ulipojua, kwa nini uliendelea kukwangua?"

"Ningekuambia nini? Kwamba sioni?" Aliyasema mbele ya wageni, mwanamume yule ambaye hata mimi hakuwahi kuniambia. "Nilijua ukiacha, nami nimekwisha. Kila siku nikipapasa nikakuta umepita, nilishukuru. Halafu nikaona haya, nikachukua kisu."

Katana alikuwa akizungusha kofia mikononi. Mwishowe akauliza, kama mtu anayetaka kuelewa kazi tu, "Kwa hivyo sasa nani anaona?"

"Yeye anaona. Mimi napapasa."

"Basi fanyeni mwingine. Lakini, tafadhali mzee wangu, fanyeni mkiwa mmekaa pamoja. Nitarudi baada ya wiki mbili."

Tukafanya. Mimi nilisimama uani natazama, nikapaza sauti, "Juu, mara tano!" Yeye akapapasa, akajibu, "Hapo pana fundo, nitakwangua tatu." Tukagombana kila saa, lakini kwa sauti. Siku ya pili kulikuwa na sehemu karibu na mshikio asiyoiamini, akaniita niishike. Nikakunja leso mara mbili kama kawaida, nikanyoosha mkono.

"Weka leso chini," akasema.

"Na mama?"

"Mama nitazungumza naye mimi."

Nikaushika mti kwa mkono mtupu, mara ya kwanza tangu niolewe. Ulikuwa na joto la mikono yake. Nilibaki nimeushika zaidi ya kazi ilivyotaka, naye hakuniharakisha.

Katana aliporudi alivuta ule upinde, mkono ukamtetemeka mpaka begani. Mshale ulipita uani, ukapita ua, ukaingia kwenye mgomba wa Mwanamisi ukatokea upande wa pili. Mwanamisi alitoka akipiga kelele tumemuulia mgomba. Nikamwambia ahesabu na kano zangu alizokula paka wake wa zamani. Katana alikuwa anacheka mpaka kofia imeanguka. Tulifanya zote kumi na mbili, na baada ya hizo nyingine nyingi, mpaka vidole vyangu vilipogoma. Jicho lake la kulia lilitengenezwa hospitalini baadaye. La kushoto anasema analiweka la akiba.

Na ule uliokonda ninao. Huo pale, natingishia sufi ya mito, ilegee kabla ya kuijaza. Haujawahi kunipinga.

Lakini nilitaka kuwaambia la asubuhi ile, baada ya Katana kuchukua upinde wa pili. Niliamka nikasikia nyundo. Nikatoka, namkuta Hamisi amesimama juu ya kiti, anang'oa misumari yake miwili kwenye mlango wa jikoni kwangu. Akateremka, akaenda akaipigilia juu ya mlango wa chumba chake cha kazi, akapapasa mpaka akaridhika, akalaza upinde, akatundika dumu.

"Mlango huo si umepinda?" nikamwuliza.

"Umepinda."

"Sasa?"

"Miaka thelathini umeinama wewe," akasema, akashika kiti chake akaingia ndani. Mtu mrefu, tena msahaulifu. Nikasikia kichwa kinalia, du!

Bado anatundika dumu mlangoni pale hata leo, kwa kujifurahisha tu. Mmesikia hilo du? Ndiye huyo, ameingia. Haya, nendeni mkamwamkie, mkamwonyeshe huo mti wenu apapase. Mkifika mlangoni, inameni.